Hatua Tatu Kuelekea Bara

Jiwe tulilikuta nyuma ya banda la kuku,
Mazeras, chini ya reli ya zamani,
limegeuzwa la kufulia.
Povu lilikuwa halijakauka,
na soksi moja ya mtoto wa shule
imeanikwa juu ya nchi mbili.

Mama Nyevu akatoka na upawa mkononi:
"Mnapima tena? Mara hii nani ananunua?"
Nikamwambia, magorofa. Mji unapanda.
Changamwe imejaa, Mikindani imefurika,
Miritini hapana pa kuweka mguu;
Mombasa sasa inawaleta watu wake kulala huku
na kuwaita kazini saa kumi alfajiri.
Akacheka. "Kumbe Kisiwani ndiko sebuleni,
sisi chumba cha kulala."

Mimi kazi yangu kushika mkanda.
Injinia Shatry ndiye mwenye karatasi,
na kile chombo cha miguu mitatu
kinachosemezana na mbingu.
Ila jiwe hili nalijua kuliko wao.

Babu yangu Ndoro alibeba mnyororo wa Bwana Mpima
zama zile maili kumi kutoka maji yajaapo
zilikuwa za Sultani,
na hatua ya mbele yake, ya Mfalme.
Maili kumi! Nani aliyaambia maji
yasimame yahesabiwe?
Bahari huingia Tudor, ikatoka, ikaacha kaa na matope,
na hapo penye matope
ndipo moja inapoanzia.

Nyumba ya mkwewe, Kadzo wa Tsuma, ikakaa katikati:
jiko la Sultani, kitanda cha Mfalme.
Uji ukipikwa ugenini ukinywewa nyumbani,
au kinyume chake, yeye hakuuliza.
Kuku akitaga ng'ambo
hakuna aliyemdai pasi.
Na Kadzo kwenye kinu, kwa sauti, ili Bwana asikie
asichokielewa:

    Mpaka huu wa bwana, mimi sina pa kuvuka,
    Natwanga tangu mchana, pumba kote zinaruka.

Kisha mwaka ukafika, sahihi zikatiwa mbali na hapa,
bendera zikashuka, nyingine ikapanda.
Jiwe halikupelekewa habari.
Sisi tukauza shamba mwaka wa njaa.

Lakini babu, siku zake za mwisho,
macho yamefifia, tembo limemlegeza ulimi,
alinivuta sikio:
kigingi kilipigwa jioni
penye shina la mnazi wa Kadzo.
Kesho yake zege limiminwe, mnazi ukatwe,
Bwana Mpima apate kuona mbali.
"Usiku nikaenda na jembe.
Hatua tatu, kuelekea bara.
Sikusogeza mpaka, mjukuu wangu.
Nilikuwa nakimbia mdomo wa mkwe."

Sultani akaongezewa hatua tatu za nchi
na hakutuma hata kilo ya tende.

Chombo kikalia. Injinia akasoma,
akafuta miwani, akasoma tena.
"Limekaa vibaya. Mita mbili na nukta sita.
Watu wa zamani walikuwa wazembe."

Nilitazama mnazi.
Radi iliupiga, hauna kichwa,
umebaki nguzo ya kufungia kamba ya nguo,
na kamba yenyewe inapita juu ya jiwe
bila kusalimia.
Ulimi ulinijaa kinywani kama kiazi cha moto.
Nikamwambia, "Andika: jiwe la kufulia."
Akaandika: *bikoni, imehama.*
Hakuuliza nani aliyeihamisha,
wala kwa sababu ya nani.

Mama Nyevu akaja kuchukua soksi yake.
Akaibinya kidoleni,
mwanzo huku, kisha kule.
"Upande huu umekauka," akasema.
"Huu bado."
Akaigeuza, akaiacha palepale juani.