Mjumbe Hauawi

Nimetangaza tukio moja tu: SakituImeshuka.
Kipimajoto kikisoma nyuzi mbili kinapiga mbiu,
hakiulizi nani yu macho.
Anayetaka kusikia hujiandikisha:
pampu ya Chaula, king'ora cha ghala,
simu ya Eliuta,
na simu ya tochi ya shangazi Ludia, wa kwanza kuniamini.

Ninaohifadhi si watu. Ni wajumbe:
hawabebi viazi wala maji,
kila mmoja anajua njia ya mlango mmoja.

Juni, saa tisa usiku, Matamba ikawa nyeupe.
Pampu ikaamka, ikanyunyiza;
bonde likapona.
Asubuhi, huku Mwanjelwa, nikasoma kumbukumbu:
walioitwa, wanne. Walioitika, watatu.

Shangazi tulimzika Machi.

Kumwondoa ni alama mbili,
kutoa na sawasawa, kisha jina lake.
Nimeandika. Nimefuta. Chai imeshika utando.
Mpiga mbiu asimjue msikilizaji:
ndivyo nilivyotaka, ndivyo nilivyojisifia kwa wenzangu.

Leo anga la Kitulo halina wingu.
Wataitwa wanne.