Bolti ya Saba

Mlikuwa kumi, mmelazwa kwenye trei ya bati.
Niliwaosha kwa dizeli, mmoja mmoja,
nikawapangusa kwa kipande cha fulana kuukuu,
saa kumi na moja alfajiri, sanaiya ya Nizwa,
kabla mabati ya paa hayajaanza kulia kwa joto.

Miezi mitatu sikuruhusiwa kugusa injini.
Nilifagia. Nilipanga spana: nane, kumi, kumi na mbili,
ile kumi ambayo hupotea kila gereji duniani.
Nilijifunza kumwaga oili bila kuoga nayo,
kutambua kwa pua
oili iliyochoka na oili iliyoungua.
Chujio la hewa la gari lililotoka Sharqiyya
nililigonga ukutani,
jangwa zima likanimwagikia miguuni.

Kuriakose, fundi wetu, mtu wa Kerala,
miaka ishirini na sita chini ya magari ya watu,
Kiarabu chake cha gereji hakina jana wala kesho,
kina sasa tu.
Mimi Kiswahili changu ni cha jikoni kwa mama,
Kiarabu cha shule, Kiingereza cha vitabu vya mafundisho.
Lugha zote hizo, na nati hazikuelewa hata moja.
Zilielewa kiganja.

Halafu siku ikafika: "Leo wewe funga kichwa."
Anza katikati, toka nje, kwa msalaba.
Duru ya kwanza ni salamu,
ya pili ni mazungumzo,
ya tatu ni kiapo.
Spana ya kipimo ikisema tik, acha.
Hata baba yako akiita, acha.

Moja. Mbili. Tatu.
Mlangoni Khattab, binamu yangu, amesimama na rafiki zake
kumtazama binti wa Zuweina aliyejitia uanaume.
Nne. Tano. Sita.
Nikasikia kicheko.
Tik sikuisikia.
Hapana, nisiseme uongo mbele yako:
niliisikia, nikaongeza kidogo
ili na wao waone.

Ukakatika kwa sauti ndogo,
kama mtu aliyevunja karanga chumba cha pili.

Kuriakose hakupiga kelele. Angepiga ningeshukuru.
Alizima redio.
Akasogeza kigoda, akaweka dawa ya kutu,
nyundo ndogo, keekee nyembamba kama sindano ya magunia,
akaenda zake kunywa chai.

Siku mbili, ee bolti, mimi na wewe.
Tone la dawa, kusubiri. Tone, kusubiri.
Kukutoboa katikati, katikati kabisa,
unywele mmoja pembeni na hesi zote zimekwisha.
Jasho lilidondoka juu ya chuma, nikalipangusa
kabla halijawa kutu.
Adhuhuri sanaiya nzima ililala kivulini mwa malori;
mimi nilikuwa nakuzungusha kushoto
kwa vidole viwili,
kama mtu anayemgeuza mtoto usingizini.

Baada ya alasiri ukatikisika.
Robo. Nusu.
Ukatoka kama mwiba kisiginoni,
nami nikatoa pumzi niliyokuwa nimeibana tangu jana.
Kuriakose alikutazama dhidi ya mwanga,
akakutia mkononi mwangu, akafungua redio.

Unakaa mfukoni mwa ovaroli, nusu yako yenye hesi.
Unanichoma nikiinama.

Jana Khattab alileta gari lake, breki zinapiga yowe.
Akauliza fundi yuko wapi.
Kuriakose akanionyesha kwa kidevu.
Nilibadilisha pedi, sikusema neno,
bei nikamwandikia kamili.

Na usiku, nyumbani, mama kanipa mtungi mpya wa gesi.
"Kaza, mwanangu. Kaza sana."
Nikakaza. Nikasikiliza.

"Imetosha, mama."