Damu ya Mzee

Barua ya shule inasema: sweta za maruni, arobaini.
Nyamizi anaisoma kwa sauti, mashine ya kufumia imetulia,
hapa Isevya, Tabora, treni imeshapita.
Mwalimu Kasanda anaeleza: hilo ni jina la kokwa
liangukalo misitu ya Ulaya kabla ya baridi.
Sisi kokwa hiyo hatujaila.
Sisi tunasema damu ya mzee.

Mzee yupi?

Babu yangu Msabila alijikata muundi
akichonga mzinga wa nyuki, kule Ipole,
nami nilikuwepo, nimeshika kamba.
Ikatoka nyekundu. Nyekundu kabisa,
kama ya mtoto aliyeanguka akiiwahi kengele.
Nikajua wakubwa hutudanganya hata rangi.

Lakini asubuhi, kwenye mpini wa shoka,
mti ulikuwa umeinywa, imekauka, imekolea:
ndiyo hii, ndiyo hasa, uzi namba saba.

Nyamizi ananyonya ncha ya kalamu.
Kwenye risiti anaandika maruni, kwa ajili ya mhasibu.
Dukani ananituma kwa jina lile jingine,
nisije nikarudi na zambarau.