Mtunza Viatu wa Kibos

Kazi yangu ni viatu.
Nakaa nje ya lango, karibu na bomba la maji,
na rafu zangu za mbao na vibati vya namba,
na wote wanaokuja kwa Mama hapa Kibos
hunikabidhi kwanza kile walichokanyagia dunia.

Usiku wa nane wa zile siku tisa
hutembea kutoka Kisumu, wengine pekupeku,
na kukicha rafu huwa nyeusi kwa tope la Kano.
Nalijua tope. Hili ni la Mamboleo, hili la kando ya reli,
hili lenye makapi ni la mtu aliyekata njia kwenye miwa.
Tope halidanganyi kama midomo.

Ndani, mungu wao wa kike amesimama juu ya mamba.
Mara ya kwanza nilicheka:
sisi wa ziwani mamba tunamjua, hatumpandi.
Kankuben, mjane wa duka la nati na bolti, hakukasirika.
Alinipa bakuli la lapsi,
ngano na samli na sukari guru ya hapahapa, akaniuliza,
"Wewe iko na ndugu?"
"Nilikuwa naye."
Basi akanisimulia, kwa Kiswahili chake cha kaunta,
nami usiku nikakipanga kwa mizani
kama mwalimu Shiundu alivyotufunza Muhoroni:

    Kaka aliumwa nyoka,
    sumu mwilini kushuka,
    mganga akatamka:
    "Kabla jua kuchomoza

    dawa ichotwe majini,
    huko chini kilindini,
    kwa majoka ya zamani,
    ndiyo itayompoza."

    Mdogo wao wa saba
    akazama kwa mahaba,
    akachota kwa kibaba
    peke yake kwenye giza.

    Njiani akateguka,
    mamba mgongo kuweka,
    akapanda, akafika,
    jua halijachomoza.

Ndiyo maana jina lake ni la kuchechemea: Khodiyar.
Kankuben hulitamka akishika goti lake mwenyewe.

Hadithi ingeishia hapo.
Mimi niliikasirikia mwezi mzima.

Ogweno aliumwa na kifutu
katika miwa ya Miwani, saa tisa alasiri.
Nilikimbia. Miguu yote miwili mizima,
hakuna hata jiwe lililonikwaza.
Zahanati ilikuwa na friji, friji ilikuwa na kufuli,
ufunguo ulikuwa matangani, Awasi.

Na gamboti zake nilikuwa nimezivaa mimi.
Mvua ilikuwa imenyesha. Alisema,
"Chukua. Nyayo zangu ni ngumu."

Nilipomwambia Kankuben kipande hicho cha mwisho
hakusema ni mapenzi ya Mungu.
Alihesabu sarafu za sadaka, akakosea, akaanza upya.
Kisha, bila kuniangalia:
"Dada sita ilikaa na kaka usiku yote.
Hao hakuna mtu iko jengea hekalu."

Mwaka huu, usiku wa nane, kabla umati haujafika,
nilizitoa gamboti uvunguni.
Nikazifuta buibui na vumbi,
nikaziweka rafu ya chini, namba arobaini na moja,
ncha zikitazama barabara.
Kibati chake sikumpa mtu.
Wakaja, wakapanga champali na raba zao kando yake,
mtoto mmoja akatumbukiza soksi ndani ya moja
nami sikumkataza.

Alfajiri ngoma zikanyamaza,
kila mtu akachukua vyake,
mtoto akachukua soksi.
Zile zikabaki.

Nikashika ufagio,
nikafagia tope lote la Kano,
nikafagia nikizizunguka.