Chuma cha Kushoto

Aprili, Thunder Bay. Ziwa bado limefumba mdomo kwa barafu,
nami nimesimama katika duka la mitumba ya michezo
nikikodolea pipa la vyuma vya gofu
kama mtu aliyetumwa kununua samaki asiowajua majina.

Doreen wa zamu ya usiku ndiye aliyeniponza.
"Juni kuna mashindano ya wafanyakazi," alisema,
"wafua shuka na wapishi. Tumepungukiwa mmoja."
Mimi chuma nilichokijua ni pasi,
lile dubwana la mvuke linalomeza shuka za hospitali
na kuzitema zimenyooka, tangu saa nne usiku hadi alfajiri.
Hiki kingine, kirefu, chenye namba unyayoni,
sikujua hata kinashikwa wapi.

Raili mwenye duka ana penseli kwenye nywele
na goti lililofungwa bandeji.
Haniulizi nina pesa ngapi. Hilo nalipenda.
Ananipa kimoja, uso mwembamba kama wembe, kinang'aa.
"Kizuri, eh? Kiache. Hiki ni cha waliokwisha kukosea mara elfu kumi.
Ukikosa katikati kwa unywele, kitakung'ata mpaka kiwiko."
Kisha kingine, kinene, mgongo umebonyea kama bakuli.
"Hiki kinasamehe."

Kinasamehe.
Nikakigeuza. Sikuwa nimepata kusikia
chuma kikisifiwa kwa huruma.

Mipini nayo ina maneno yake:
ya chuma tupu huchosha bega,
ya kaboni ni myepesi, ila bei yake huingia ndani na viatu.
Cha tatu na cha nne akavitupa pembeni:
"Hivyo ni vya kujivunia, si vya kupigia."

Akaniambia nipige hewa.
Nikashika nilivyoona kwenye televisheni, mkono wa kulia chini,
nikazungusha. Kiuno kikaenda kaskazini, mabega kusini,
nusura niangushe rafu ya viatu vya barafu.
Nikarudia. Rafu ikaponea chupuchupu.

Raili akatafuna ubani wake kimya. Akanipa ufagio.
"Fagia."
Nikafagia: chumvi ya majira ya baridi, tope, risiti ya mtu.
"Wewe ni wa kushoto," akasema,
kama anayekutajia saa.

Mama aliuondoa mkono ule kwenye sinia kwa kofi dogo, kila mlo.
Mwalimu Kibwana aliushughulikia kwa rula, upande wa ncha.
Nilipofika darasa la nne ulikuwa umejifunza
kukaa mapajani kama mgeni asiyealikwa.
Miaka thelathini na mmoja naandika kwa kulia, nala kwa kulia,
hata talaka niliisaini kwa kulia.
Ufagio pekee ndio uliojua, nao leo umesema.

"Huku mko wengi," akasema Raili. "Ni hoki.
Mtoto hushika gongo apendavyo, hakuna anayemuuliza."
Akaingia stoo, akatoka na mfuko uliopauka:
cha tano, cha saba, cha nane, cha tisa,
na viwili vya kutolea mpira mchangani.
Cha sita hakipo. Mwenyewe wa kwanza alikitupa ziwani kwa hasira,
au alikivunjia gotini, habari zinatofautiana.
Dola tisini.

Nikasimama upande wa pili wa hewa ileile.
Nikazungusha.
Kitu mgongoni kikaitika polepole,
kama kufuli lililotiwa mafuta.

Mchumia juani hulia kivulini, ndivyo tulivyofundishwa.
Mimi nimechuma mvukeni, shuka kwa shuka, bila jua,
na sitaki kivuli. Nataka uwanja.
Noti nikazihesabu kwa kulia, mazoea hayo;
mfuko nikautia bega la kushoto.

Nje theluji chafu inatiririka kuelekea mtaroni.
Cha sita sitakitafuta. Kutoka cha tano nitaruka hadi cha saba,
kama ninavyoliruka dimbwi hili kuwahi basi,
na kutua katikati yake, maji hadi soksini,
vyuma vikigongana mgongoni.
Vinasamehe.