Herufi Iliyoanguka

Zubir husahihisha magazeti mjini Konstantini,
usiku, kalamu nyekundu mkononi.
Koma iliyopotea huiona
kama mwingine anavyomwona mbu ndani ya chandarua.

Leo yeye ndiye ukurasa.

Daktari Benyahia amemgeuzia kioo cha kompyuta:
"Tazama. Hizi ni zako."
Alitarajia utupu. Utupu angeuzoea.
Akaona umati:
vichwa vimevimba kama maboga,
mikia mitatu, minne, kwenye mbegu moja,
kila mkia ukivutia kwake,
na hakuna iliyosogea.

"Chembe ilipaswa kugawanyika mara mbili.
Haikugawanyika. Mzigo wa wanne
kaachiwa mmoja."
"Kwa nini?"
"Kwenye jeni imeanguka herufi. Moja tu.
Zilizofuata zikasogea nafasi moja,
sentensi ikaharibika hadi mwisho."

Nusura acheke. Herufi moja!
Miaka ishirini na miwili anazikamata,
za mawaziri, za matangazo ya vifo, za bei ya vitunguu.
Nami ninayeandika haya kwa Kiswahili naielewa hofu yake:
dondosha te moja kwenye mtoto,
unabaki na moto.

"Na ile sindano ya maabara?"
"Si kwa mbegu hizi. Sitakula pesa zenu bure."

Baba yake na mama yake, watoto wa ndugu wawili,
walioana milimani, mwaka wa theluji nyingi.
Kila mmoja alikuwa na nakala mbili,
nzima ikiifunika mbovu.
Hawakuumwa. Hawakujua.
Siku ya kumgawia mwana, bila kuonana,
wote wawili wakatoa ile mbovu.

Akavuka daraja linaloning'inia juu ya korongo,
karatasi ndani ya koti,
upepo ukitaka kuisoma.

Jikoni mama yake, Yamina, anachemsha majani machungu.
"Ya mkeo. Mwezi huu tutaona."
Miaka tisa, mwezi huu tutaona.
Miaka tisa Wasila anayanywa akiwa amebana pua,
na harusini hukalishwa mbali na bibi arusi,
eti asije akamwambukiza.

"Mama, si yeye. Ni mimi."
Akanyamaza. Kisha, kwa kuwa kazi yake
haijamzoesha kuacha kosa nusu:
"Na ni wewe. Na ni marehemu baba.
Mlinipa mlichopewa."

Yamina hakujibu. Alizima gesi.
Akaimwaga sufuria yote kwenye sinki,
akaisugua kwa steluli, akaisuuza,
akaisugua tena, na ilikuwa imeshatakata,
mpaka Wasila akatoka chumbani kuuliza
ni nani anayekwaruza hivyo,
na kwa nini analia.