Lengalenga

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, nyuma ya cherehani,
na ufunguo ndani ya kopo la chumvi,
nilikouficha mwaka ule bunduki za kweli zilipolia upande wa Katuba
nami nikaona haya kumiliki kitu kinachofanana nazo.

Miaka kumi na mmoja.
Bastola ya hewa, mpini wa mti uliochongwa kwa kipimo cha kiganja changu
na Kabwit, seremala wa karakana ya reli.
Leo unanibana. Kiganja kimenenepa, au mti umekonda,
na Kabwit hayupo tena wa kutuamua.

Jumamosi nakatiza soko la Kenya kwa miguu,
begi begani, vumbi jekundu hadi ndani ya soksi,
na mama mwenye karai la mboga ananipigia kelele usoni:
Lengalenga! Lengalenga!
Nimesikia, mama. Ndiko ninakokwenda.

Klabu imebaki kuta na nusu ya paa.
Mabati mengine yalihamia tusikouliza,
na kupitia tundu lile naliona bomba la kiwanda
na kilima cheusi cha makapi ya shaba.
Mwalimu Nsenga yupo, meno mawili pungufu,
bado anabandika karatasi kwa gundi ya unga wa muhogo.
Hakuuliza nilikuwa wapi.
"Mita kumi hazijasogea," alisema.

Macho ndiyo yamesogea.
Zamani nilivishika vyote: chuma cha mbele, pengo la nyuma, duara jeusi.
Sasa kimoja kikija, kingine kinaaga.
"Chagua chuma. Karatasi iache iwe ukungu."

Nainua mkono, huu uliowahi kushikilia pasi ya makaa
dakika nzima kila jioni, bukari ikiungua jikoni.
Unatetemeka kama kifuniko cha sufuria.
Navuta pumzi. Naachia nusu.

Nikakosa.
Neno letu hili lina vyumba:
kukosa ni kutopata, kukosa ni kutokuwa nacho,
kukosa ni kumtendea mtu ubaya.
Nilisimama katika vyote vitatu, ubavu mbele.

Ya pili, ukutani.
Ya tatu, kwenye karatasi ya kijana Mwansa hapo jirani.
Akasema asante mama, akaiingiza katika hesabu yake.

Ya tisa ilikwenda bila mimi.
Ilikatika yenyewe, kama uzi uliochoka,
na tundu likakaa kwenye saba, chini kushoto.
Zamani saba ingeniliza.
Mwalimu aliizungushia kalamu nyekundu, hakutia neno.

Usiku umeme umekatika. Bastola tupu,
nalenga mahali ninapojua swichi ilipo.
Mkono mtupu haulambwi, sawa,
lakini hakuna aliyesema haufundishwi.

Nilisahau kusema: wakati wa kurudi nilinunua mafungu mawili.
Niliyachambua kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia haukuweza kushika hata jani.